Mjusi wa Kimboza Aliyekataa Kula

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na hali ya vyuo vikuu vyetu. Leo naandika habari za mjusi mmoja ambaye, pamoja na mkia wake, hakuzidi urefu wa kidole changu cha kati, na ambaye aligoma kula akiwa ndani ya sanduku la kioo huko Ujerumani. Nawaomba wanaharakati na watumishi wa umma wasinikimbie mapema. Siasa imo, ila safari hii imeanzia tumboni.

Mjusi huyo wanasayansi wanamwita Lygodactylus williamsi. Alielezwa kitaalamu na Arthur Loveridge mwaka 1952. Dume lake ni la buluu, buluu kali ya kushangaza, kama kwamba mtu amemchovya katika rangi ya kanga mpya. Jike ni la kijani iliyochanganyika na rangi ya shaba. Duniani kote anapatikana chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na makazi yake makubwa ni msitu wa Kimboza, wenye takriban hekta 400 tu. Hata humo hakai popote. Anakaa juu ya aina ya mkadi, mti wa ukoo mmoja na ule ambao maua yake watu wa pwani huyatia katika vikuba. Majani marefu ya mkadi hukinga maji ya mvua, huvuta wadudu, na yana miiba pembeni. Kwa mjusi wa vidole vinne, huo ni mji kamili: una maji, soko na ngome.

Mimi kwa upande wa mama ni mtu wa Matombo. Barabara ya kutoka Morogoro mjini kwenda Kisaki hupita karibu na msitu huo, na utotoni tuliupita mara nyingi tukiwa juu ya magunia katika gari la mizigo. Lakini mjusi wa buluu nilimwona kwa mara ya kwanza karibu na mto Rhine, nilikokuwa nikisomea shahada ya uzamivu, katika sebule ya mzee aliyenipangisha chumba cha juu.

Mzee huyo alikuwa fundi mstaafu wa shirika la reli, mjane, mtu wa saa na ratiba. Kwa miaka yote niliyokaa kwake aliniita kwa jina la ukoo, akitanguliza neno la heshima, nami nilimwita vivyo hivyo. Wajerumani wa rika lake hawafanyi haraka katika mambo hayo. Mjusi alimpa jina la Kaiser. Sikumuuliza kwa nini. Wazee wa Matombo waliokuwa wakisimulia enzi za Wajerumani wangelicheka sana kusikia kwamba hatimaye Kaiser ni Mluguru.

Alimnunua sokoni, kwa risiti. Alinitajia bei, niliigeuza kichwani kuwa shilingi, nikanyamaza. Wakati huo, mwaka 2013, mjusi huyu hakuwa bado katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mzee aliamini kwa dhati kwamba amefanya jambo halali. Kwa sheria za nchi yake sidhani kama kuna askari angemgusa.

Mwezi Mei mjusi alipunguza kula. Mwezi Juni aliacha. Chakula chake kilikuwa nyenje wachanga na inzi wadogo wa matunda, wote wa kufugwa, wanaouzwa dukani katika vikopo vya plastiki kama mtindi. Mzee aliwanyunyizia unga wa chokaa kabla ya kuwatoa, kama vitabu vinavyoelekeza, kwa sababu nyenje wa kufugwa wana kalisi kidogo na fosforasi nyingi, na mjusi anayekula hao peke yao mifupa yake hulainika. Kaiser alikuwa akiwatazama wakipita mbele ya pua yake, kisha akifumba nafsi yake. Nasema nafsi kwa makusudi, maana mjusi wa jamii hii hana kope za kufumba. Mkia ulianza kukonda, na kwa mjusi mkia ndio ghala.

Jioni moja mzee aligonga mlango wangu. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akaniambia kwa adabu kubwa, "Samahani kukusumbua. Wewe unatoka kwao. Huko kwenu anakula nini?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi kuliko baadhi ya maswali ya tasnifu yangu. Wepesi wa kudhani kwamba Mwafrika anajua menyu ya kila mjusi wa Afrika unajulikana, na wengi wetu tuliosoma Ulaya tuna mkusanyiko wa visa vya aina hiyo vya kuchekeshana. Lakini siku ile sikucheka. Mzee yule alikuwa ameuliza swali sahihi. Wauzaji walimweleza jinsi ya kumweka mnyama. Hakuna aliyemweleza mnyama ametoka katika nini. Nilimjibu kwamba sijui, ila najua mahali anapotoka: pana joto, pana unyevu, na jua la saa nne asubuhi huko si jua la Juni la kwenu.

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Ni mwanamke mmoja mkavu wa maneno aliyetuuliza mambo matatu kabla hata ya kufungua kikopo tulichombebea mjusi: joto la sanduku ni nyuzi ngapi mahali anapoota, taa ina umri gani, na kinyesi chake kiko wapi. Wafugaji wa ng'ombe wataelewa mantiki hiyo. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Huazima kwa jua. Akikosa joto hawezi kusaga chakula, na chakula kisichosagwa huoza tumboni. Kwa hiyo mjusi aliye baridi anayekataa kula haonyeshi ukaidi, anajilinda. Taa nayo ina hila yake. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ngozi huihitaji ili kutengeneza vitamini D, hupungua ndani ya taa hata kabla mwanga wenyewe haujapungua machoni petu. Taa inawaka, sebule inang'aa, na mjusi yuko gizani. Tena kumweka karibu na dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mionzi hiyo.

Taa ya mzee ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka miwili. Kipimajoto alikibandika upande wa kivulini. Kinyesi kilipopimwa kilikutwa na vijidudu, jambo ambalo daktari alisema ni la kawaida kwa wanyama waliokamatwa porini: huko porini huishi navyo kwa amani, na wakifungiwa na kuhangaika, amani huvunjika. Akaandika dawa. Akaagiza taa mpya, na nyenje wasiachwe usiku ndani ya sanduku, maana nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi dhaifu. Mwishoni, akiwa ameshafungua mlango, akaongeza, "Na jaribuni Wiesenplankton."

Neno hilo silijui katika lugha nyingine yoyote. Maana yake ni viumbe wadogo waeleao wa uwanda wa majani, kana kwamba nyasi ni bahari. Unachukua wavu wa kitambaa chepesi, unatembea ukiufyagiza juu ya majani marefu kulia na kushoto, kisha unatazama ulichovua: inzi wa aina kumi, vidukari, nondo wadogo, panzi wachanga, buibui. Kwa mjusi aliyechoka nyenje, mchanganyiko huo humwamsha. Wadudu wale wamekula majani na maua mbalimbali, miili yao ina vitu ambavyo nyenje aliyelelewa kwa pumba hana, na kila mmoja anatembea kwa namna yake. Mjusi huwinda kwa macho. Mdudu anayerukaruka kwa mwendo asiouzoea humkumbusha kwamba yeye ni mwindaji.

Lakini wadudu wa porini hawaokotwi ovyo. Mwanzoni nilidhani jambo hili ni la dakika kumi nyuma ya nyumba. Mzee alinionyesha ramani. Kando ya barabara hapafai, kwa sababu ya moshi na mafuta ya magari. Bustani ya jirani haifai, alikuwa akipulizia dawa waridi zake. Kando ya mashamba ya ngano na viazi hapafai kabisa: mdudu aliyepata sumu kidogo hafi papo hapo, huzubaa tu, na mdudu aliyezubaa ndiye rahisi kukamatwa. Ukimlisha mjusi, umemhamishia dozi. Kisha lazima kuchambua. Nyuki na nyigu hutolewa, na nyuki wote wa porini Ujerumani wanalindwa na sheria, kwa hiyo ukiwakuta wavuni unawaachia pale pale. Viwavi wenye manyoya hutolewa. Kadhalika wadudu wenye rangi kali za kujitangaza, nyekundu na nyeusi, ambao kwa kawaida wanatangaza uchungu wao. Vimulimuli ni hatari kubwa: Marekani mijusi wa kufugwa wamekufa kwa kumeza kimulimuli mmoja tu, kwa sababu baadhi ya vimulimuli wa huko wana sumu inayofanana na ya chura. Na mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Kwa Kaiser nafasi hiyo ilikuwa kama punje ya mtama.

Kwa hiyo tukajikuta, mstaafu wa reli na mwanafunzi wa sayansi ya siasa, tumesimama Jumamosi asubuhi katika uwanda wa majani kilomita tano nje ya mji, tukifyagia hewa. Mara ya kwanza tulirudi na wadudu wa kujaza kijiko. Mzee alikasirika. Si kwa ajili ya mjusi. Alikasirika kwa kumbukumbu. Alisema alipokuwa kijana, ukisafiri kwa gari wakati wa kiangazi ulilazimika kusimama njiani kusugua kioo cha mbele kwa sababu ya wadudu waliopondeka. Sasa anaendesha kutwa nzima na kioo ni safi. Nilimsikiliza kama tunavyowasikiliza wazee wote wanaosema zamani kulikuwa na mvua.

Oktoba 2017, nikiwa nimesharudi nyumbani na kuanza kufundisha, ulichapishwa utafiti uliotokana na kazi ya chama cha wadudu cha Krefeld, mji uliopo kando ya Rhine ile ile. Wanachama wake, wengi wao wakiwa watu wanaopenda wadudu tu bila ajira ya utafiti, walikuwa wametega mitego katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa na kupima uzito wa wadudu warukao tangu 1989 hadi 2016. Katika miaka hiyo 27 uzito ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75. Nasisitiza: katika maeneo yaliyohifadhiwa. Kibao cha hifadhi kilikuwepo, uzio ulikuwepo, na walioliwa na mabadiliko walikuwa ndani. Kijiko chetu kilikuwa takwimu.

Kaiser alikula. Siku ya nne baada ya taa mpya, alimkodolea macho inzi mmoja mwembamba wa kijani, akajivuta hatua mbili, akamdaka kwa mdomo. Mzee alinipandia ngazi mbio kuniita, miaka sabini na kitu ile. Daktari alisema ni taa na dawa. Mzee alisema ni wadudu wa uwandani. Sikuegemea upande wowote, ingawa naona wote wawili walikuwa wakisema jambo moja: kilichoumwa ni sanduku. Wiki sita tulikuwa tukimchunguza mjusi mdomo, mkia na macho, tukimtafutia kasoro ndani yake, na kipimajoto kikiwa kimebandikwa kivulini.

Hapo ndipo ninapotaka kuwarejesha Morogoro.

Watafiti waliochunguza biashara hii walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa Kimboza mijusi wa buluu kati ya 32,000 na 42,000. Mara nyingi walikata mikadi yenyewe ili kuwafikia, yaani walibomoa mji ili kukamata wakazi. Kimboza ni msitu wa hifadhi kisheria. Aliyetumwa kupanda mkadi alipata fedha ya chumvi na sabuni. Faida ilikuwa ikipanda kila mpaka ilipovuka. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, Tanzania na wenzake walifanikiwa kumwingiza mjusi huyu katika Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Mwaka huo huo wa 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Niliunga mkono hatua zote mbili, na bado naziunga mkono.

Lakini zuio lilipotangazwa, kulikuwa na wanyama tayari katika mazizi ya wafanyabiashara wenye leseni. Vinyonga, mijusi, kobe, ndege. Zuio lilisimamisha ndege za uwanja wa ndege. Tumbo la kinyonga halikusimama. Juni 2022, miaka sita baadaye, lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama kuwasafirisha ndani ya miezi sita. Wananchi walipaza sauti, nami nilikuwa miongoni mwao, na kwa haraka sana wizara ikalisitisha tangazo hilo. Mjadala mitandaoni ulikuwa mkali na mzuri: uzalendo, rasilimali, twiga walioibwa. Nilisoma maoni mamia. Sikuona hata moja lililouliza wanyama hao wamekuwa wakila nini tangu 2016, nani anawakamatia panzi, panzi hao wanakamatwa katika mashamba yaliyopuliziwa nini, na je, yupo mtumishi yeyote wa umma ambaye wajibu wake ulioandikwa ni kufungua mlango wa zizi na kupima joto.

Mfanyabiashara asiyeweza kuuza hana sababu ya kulisha. Serikali iliyozuia kuuza haikujitwika kulisha. Kati ya hao wawili yuko mnyama anayekonda mkia. Kuachia porini si jibu jepesi pia. Mnyama aliyekaa zizini miaka anaweza kurudi na magonjwa ambayo msitu haukuwa nayo, na wa Uluguru akiachiwa Pugu hajarudishwa kwao. Haya ni maamuzi ya kitaalamu yanayohitaji fedha, na fedha zinahitaji mtu wa kuziandika katika makadirio. Tunazo sheria nzuri za kuzuia. Ni haba sana zile zinazosema, baada ya neno "ni marufuku", nani ataamka asubuhi.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi: andikeni rasimu ya kanuni za kutunza wanyamapori walioshikiliwa kufuatia zuio au kesi. Walileta kazi nzuri, zenye dibaji ndefu kuhusu urithi wa taifa. Binti mmoja, ambaye baba yake ni mhasibu katika halmashauri moja ya kusini, alileta kurasa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa jedwali la nyenje: idadi kwa siku, kwa kichwa, kwa miezi kumi na miwili, pamoja na taa za kubadilishwa kila mwaka na posho ya kijana mmoja mwenye wavu. Ya pili ilikuwa na swali moja kwangu.

"Mwalimu, nyenje tunawanunua kwa kifungu kipi?"

Darasa lilicheka. Nilimwambia kwamba wanaweza kuingia katika chakula cha mifugo. Alitikisa kichwa: mnyamapori si mfugo, mkaguzi ataikataa hati. Basi tuweke katika vielelezo vya kesi, nikasema. Akasema vielelezo havina bajeti ya chakula. Tumeupitia mwongozo wa bajeti wote mimi na yeye, wiki mbili sasa, na ameniandikia jana kwamba anakwenda kumuuliza baba yake.